Hoja Imepokelewa

Mkutano wa Chama cha Wapangaji wa Minara Saba ulifunguliwa Jumamosi saa nane kamili mchana, na ukumbini hapakuwa na mtu isipokuwa mfagizi. Viti mia nne na kumi na viwili vilipangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na taa ndogo kwenye egemeo lake. Taa ikiwa ya kijani, mjumbe anasikiliza. Ikiwa ya njano, anaomba nafasi ya kusema. Kwa dakika sita taa zile ziliwaka na kubadilika, na sauti za watu wazima zikapishana hewani kwa adabu. Muhtasari ukapitishwa, zamu za maji zikapangwa, hoja ya lifti ikapokelewa, mwenye majengo akalaaniwa kwa mara ya ishirini na tatu. Mwisho ikaamuliwa kwamba mwanachama Yokobeti Chihoma afikishwe mbele ya mkutano wa nidhamu baada ya wiki mbili. Kikao kikafungwa. Mfagizi alikuwa hajamaliza safu ya kwanza.

Waliozungumza walikuwa vivuli. Kivuli ni akili unde inayomsoma mtu mmoja tu: husikiliza anavyosema vikaoni, hupitia kila kura aliyowahi kupiga na kila lalamiko aliloandika, mpaka iweze kukaa kwenye kiti chake na kusema yale ambayo yeye angeyasema. Aliyevibuni alikuwa mpangaji wa ghorofa ya kumi na nane, mhandisi Sechelela Mbogoni, na hakuvibuni kwa ubaya. Miaka tisa nyuma chama kilikuwa kinakata roho. Katiba ilidai akidi ya theluthi mbili, na watu wa Dodoma ile mpya, wenye zamu za kazi zisizo na kichwa wala miguu, hawakuwa na muda wa kukalia viti. Mikutano minane iliahirishwa mfululizo huku mwenye majengo akijichekea. Sechelela akaleta vivuli, akidi ikatimia siku hiyohiyo, watu wakambeba juu juu kama bibi harusi.

Kanuni ilikuwa kwamba mtu akija mwenyewe, kivuli chake huzimika, naye hukaa kitini pake na kusema kwa mdomo wake. Sechelela aliipigania sana kanuni hiyo. Mwaka wa kwanza walikuja watu mia, wa pili thelathini, na baadaye hata yeye mwenyewe akaacha kuja, kwa kuwa kila alipokagua, kivuli chake kilikuwa kimesema vizuri kuliko ambavyo yeye angesema akiwa amechoka.

Sasa kosa la Yokobeti. Mama huyu aliishi ghorofa ya kumi na tisa, juu tu ya dari la Sechelela, na mumewe alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Lifti ya mnara wa nne ilikuwa imekufa miezi minane. Chama kilikuwa kimeapa kwamba hakuna mpangaji atakayezungumza na mwenye majengo peke yake mpaka lifti zote zitengenezwe, na shauri lilikuwa mahakamani. Yokobeti alivumilia miezi saba. Siku mzee alipozidiwa, majirani wanne walimteremsha kwa shuka, na walipofika ghorofa ya nane mmoja akateleza, mzee akaporomoka ngazi tisa. Kesho yake Yokobeti alimpigia simu mwenye majengo, akaomba chumba cha chini. Akapewa papo hapo, wakahamia.

Alipewa kwa sababu. Wiki iliyofuata mawakili wa mwenye majengo walisimama mbele ya hakimu na kusema chama hiki hakiwasemei wapangaji wote, ushahidi ndio huu, mama huyu kaja mwenyewe kwa hiari yake. Shauri la lifti likatupwa. Watu mia nne walibaki na ngazi zao, na hasira yao haikuwa ya bure.

Kanuni ya kumi na moja ya katiba ilisema anayezungumza na mwenye majengo peke yake amejitoa chamani. Na pale Minara Saba kujitoa chamani ni kujitoa nyumbani, maana mkataba wa kupanga ni mmoja tu, kwa jina la chama, kuanzia vyumba vya chini mpaka paa. Aliyefukuzwa, mlango wake unamsahau baada ya siku saba. Anaweka kiganja na mlango hautikisiki. Aliyeandika kanuni hiyo ni Sechelela. Miaka mitano nyuma aliitumia kumfukuza fundi mmoja, Simbeye, aliyekwenda kwa mwenye majengo kuomba aruhusiwe kuweka karakana yake barazani. Siku ile Sechelela alisema maneno yaliyowanyamazisha watu wote, na alirudi nyumbani akiyarudia kichwani kwa raha. Simbeye hakuonekana tena.

Yokobeti hakuja na maneno mengi. Alikaa jikoni kwa Sechelela, akakataa chai, akasema, "Nisemee, mdogo wangu. Mimi nikisimama pale nitalia tu." Sechelela alikubali, na alikubali kwa moyo wote.

Akapiga hesabu. Kumfukuza mtu kulitaka kura mia mbili sabini na tano. Wakija watu mia moja na arobaini kwa miguu yao, vivuli vyao vitazimika, na Yokobeti atabaki. Siku kumi na mbili Sechelela alipanda na kushuka ngazi za minara saba mpaka magoti yakavimba. Alipokewa vizuri. Watu walimsikitikia Yokobeti, mwalimu mmoja wa mnara wa pili alifuta machozi kwa kanga, na kila mmoja alisema yeye binafsi hawezi kumfukuza mama yule. Ikifika habari ya kuja Jumamosi, huyu ana zamu, yule ana mgonjwa, mwingine ana safari ya Kondoa. Wengi waliuliza kwani vivuli vyao haviwajui, na waliyemuuliza ndiye aliyevitengeneza.

Bwana mmoja wa mnara wa sita, aliyeitwa Ngalya, ndiye pekee aliyesema ukweli. "Mama mhandisi, nikija nitamtazama yule mama usoni," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nimepanda ngazi hizi miezi minane kwa ajili ya shauri lililokufa kwa sababu yake. Nikimtazama nitamhurumia, na mimi sitaki kumhurumia. Acha kiende kivuli." Kisha akamuaga kwa heshima zote.

Jumamosi ile walikuja watu kumi na tisa. Walikaa wametawanyika kati ya taa za kijani, wakioneana haya. Yokobeti alikaa safu ya mbele amevaa gauni lake la kanisani. Mwenyekiti, Ndugu Lugendo, hakuwa mtu mbaya, ila alisoma mashtaka bila kuinua macho. Halafu akamkumbusha Sechelela kanuni nyingine iliyotoka kalamuni mwake mwenyewe: msemaji wa utetezi hapigi kura kwa mkono wake, asije akapendelea; kivuli chake ndicho kinachopiga kwa niaba yake, maana chenyewe hakina jirani. Sechelela aliitika kwa kichwa. Kwa kweli alikuwa ameisahau, lakini haikumtia wasiwasi. Alijua moyo wake ulipo.

Alizungumza kwa robo saa. Alieleza shuka, na kelele ya mzee alipoanguka, na damu aliyoifuta yeye mwenyewe kwenye ngazi za ghorofa ya nane. Kati ya wale kumi na tisa wawili waliinamisha vichwa. Taa zilibaki za kijani, hazikutikisika, zikisikiliza kwa utulivu uleule ziliosikilizia zamu za maji. Hapo ndipo alipoelewa. Vivuli vilijua kila neno ambalo wenyewe waliwahi kulisema chamani, lakini havijawahi kupanda ngazi hata moja, na kwenye lalamiko hasira huandikwa zaidi kuliko huruma.

Kura zilichukua nukta tatu. Kwenye ubao majina yalijipanga safu mbili: Abaki, tisini na saba; Aondoke, mia tatu na kumi na nne, Yokobeti mwenyewe akiwa hana kura. Sechelela alimtafuta yule mwalimu wa mnara wa pili, akamkuta kwenye safu ya pili. Alikuwa bado anatafuta wengine pale Yokobeti alipomgusa mkono.

"Seche, hili si jina lako?"

Lilikuwa lake. Lilikaa katikati ya safu ya Aondoke, limeandikwa vizuri, Mbogoni S., ghorofa ya kumi na nane.

Katiba ilimruhusu mwanachama kudai sababu ya kura. Sechelela akaidai. Taa ya kiti chake ikawa ya njano, na sauti yake mwenyewe ikasema, tena kwa upole, "Sina chuki na dada Yokobeti. Lakini tukimsamehe mmoja kwa sababu tunampenda, wale tuliowafukuza kwa sababu hatukuwapenda tutawaambia nini? Kanuni inayojua majina ya watu si kanuni. Aondoke."

Neno kwa neno, isipokuwa jina. Ndiyo aliyoyasema siku ya Simbeye.

Sechelela aliwageukia watu, akasema yule si yeye, yeye leo asingepiga kura ile. Lugendo akamuuliza kwa sauti ya chini, leo tangu lini. Akajibu, tangu alipoliona lile shuka. Mwenyekiti aliandika, akatikisa kichwa, akasema shuka halimo kwenye katiba. Kura moja isingemwokoa Yokobeti hata hivyo, na kila mtu mle ndani aliliona hilo ubaoni.

"Usimkatae, Seche," Yokobeti alisema. Hakuwa analia. "Ni wewe kabisa. Nilikuwepo siku ile ya Simbeye. Nilikupigia makofi."

Waliondoka siku ya sita, mchana, kwenda Mpwapwa kwa kaka yake. Yokobeti hakutaka kuwepo siku ambayo mlango ungemsahau. Alimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka barabarani, na alipomwona Sechelela akamsalimia kama kawaida, akamuuliza presha yake inaendeleaje. Sechelela angeona nafuu kama angetukanwa. Alirudi ndani akalia jikoni, na kilio hicho hakikumsaidia mtu.

Aliandika hoja ya kuondoa vivuli. Ilihitaji akidi, na akidi ni vivuli; na kama msemaji wa utetezi, mtoa hoja naye hukiachia kivuli chake kiti. Ikajadiliwa kwa nukta arobaini na kukataliwa, na kati ya waliosema dhidi yake, aliyesema vizuri zaidi alikuwa yeye.

Ilibaki kazi moja. Mtu akifukuzwa, mhandisi wa chama hufuta kivuli chake, na kabla ya kukifuta hukiuliza kama kina neno la mwisho la kuingizwa kwenye muhtasari. Jumatatu asubuhi Sechelela aliingia ukumbini peke yake, akaketi kwenye kiti kilichokuwa jirani na cha Yokobeti, akauliza kama utaratibu unavyotaka. Taa ikawa ya njano.

"Naomba kuulizia lifti ya mnara wa nne," sauti ya Yokobeti ilisema, bila malalamiko, kama mtu anayejua wengine nao wana shida zao. "Mume wangu hawezi ngazi."

Sechelela alifungua mihtasari. Miaka mingi hakuwa amefanya hivyo. Alikuwa akisoma maamuzi tu, na mbali na shauri la mahakamani, lifti haikuwahi kufikia kuwa uamuzi. Miezi minane, vikao thelathini na vitatu, na katika kila kimoja kivuli cha Yokobeti kilikuwa kimeuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Mara zote thelathini na tatu kilijibiwa na mjumbe mmoja, yule anayejali utaratibu, asiyependa kikao kiburuzwe. Mbogoni S.: Hoja imepokelewa. Tuendelee. Kwa miezi saba ya Jumamosi hizo Sechelela alikuwa nyumbani, akisikia kiti cha mzee kikisogezwa juu ya dari lake, akiamini chama kinashughulikia.

Taa ilikuwa bado ya njano. Kivuli hakikujua kwamba mwenyewe keshaondoka. Kilikuwa kinangoja jibu.

"Haijatengenezwa, dada," Sechelela alisema.

Taa ikageuka kijani. Kivuli kilikuwa kinasikiliza. Sechelela aliliandika swali lile kwenye muhtasari. Akakifuta.