Wimbo wa Kila Bibi Harusi

Basi la Mwanza lilikuwa halijasimama vizuri stendi ya Bariadi, watu wakawa wamelizingira. Naila, mwenye duka la vitenge sokoni, alikuwa anavuta robota lake kutoka kwenye buti pale spika kubwa nyeusi ilipomwangukia mguuni.

"Wewe kaka! Huoni?"

"Samahani, dada. Umeumia?" Kijana alivaa shati la maua lililombana mabegani, jasho linamtiririka.

"Spika yote hii, unauliza?"

"Basi nipe jina, nikuombe msamaha vizuri."

"Naila. Haya, ondoa spika yako."

Akaiondoa, kisha akambebea robota mpaka dukani. Aliitwa Hilali, mwimbaji wa harusi. Kesho yake alirudi kutazama mguu. Keshokutwa pia.

Wiki ya tatu akapiga simu. "Mpenzi, usikate."

"Nina wateja, Hilali."

"Sekunde kumi." Akaimba: *Naila, geuka nikuone, moyo wangu haukai.*

"Umenitaja jina?"

"Nilijaribu bila jina, wimbo ukapwaya."

Aliurekodi kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro. Mwezi haukuisha, wimbo ukawa kwenye bodaboda, kwenye saluni, mpaka Nyashimo. Wateja wakaingia dukani wakicheka na kumsalimu Kisukuma, "Mwangaluka, Naila wa wimbo!" Naila akaanza kuvaa baibui lake la shanga hata siku za kazi.

Baba yake, mzee Athumani, hakufurahi.

"Mji mzima unaimba jina la binti yangu. Huyo kijana anaoa au anaimba tu? Nampa mpaka Idi ya Kuchinja. Ikipita, asahau."

Kabla Naila hajamfikishia Hilali maneno hayo, Mboni wa duka la jirani akaja na simu mkononi. Video ya harusi huko Mwamapalala. Hilali ndani ya suti ya bluu, amepiga goti mbele ya bibi harusi: *Milembe, geuka nikuone...*

"Shoga, ipo na ya Marcelina. Nikuwekee?"

"Zima."

Naila akaifungia namba ya Hilali siku tisa. Alilala vibaya, akakata mita nne badala ya sita, akamgombeza mteja kwa kosa lake mwenyewe.

Jumanne mchana Hilali akaingia, duka limejaa.

"Naila, nimekosa nini?"

"Kamuulize Milembe. Ukitoka hapo, Marcelina."

Hilali akacheka. Naila akanyanyua mkasi.

"Ngoja! Ile ni kazi. Mshereheshaji ananipa jina la bibi harusi, naliweka. Waimbaji wa harusi wote tunafanya hivyo. Ningeimba Naila mbele ya mume wa Milembe, wangenitoa kwa fimbo."

Wateja wakaangua kicheko. Naila hakucheka.

"Mimi nilidhani ni wangu."

Hilo Hilali hakuwahi kuliwaza.

"Ni wako. Nilipaswa kukuambia kabla sijaupeleka kwa watu. Nisamehe."

"Baba anataka kujua unaoa au unaimba. Mwisho Idi."

"Idi si Jumamosi hii? Na wewe umenifungia siku tisa!" Akatoa simu. "Mjomba? Upo Malampaka? Tafuta kanzu safi, nakuja kukuchukua. Hapana, mjomba, si msiba, ni posa!"

Naila akauma midomo asicheke.

"Na siku ya kwetu utaimba?"

"Maiki atashika mwingine. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako."

Naila akaweka mkasi chini.

"Ondoka basi," akasema. "Gari la Malampaka litakuacha."