Upinde wa Altaf Bhai

Yalianza Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, barazani kwa Altaf Bhai, muuza vitambaa wa Bagamoyo, Mardhiya alipoushika upinde wa zamani uliokuwa ukiuzwa pale na kukuta kamba yake ina joto.

"Umetoka kuuvuta sasa hivi?"

"Mimi? Mimi navuta futi ya kupimia vitambaa tu, bibie." Altaf Bhai alicheka, lakini upinde hakuutazama.

Mardhiya alijifunza kulenga shabaha chuo kikuu. Mchujo wa timu ulikuwa wiki inayofuata, na asiye na upinde wake hashiriki. Hata hivyo hakukurupuka. Alipitisha ukucha juu ya mikono yote miwili ya upinde, akitafuta mahali ambapo mbao imeachana na gundi. Akafumba jicho moja kuona kama kamba inapita katikati. Ilipita. Ncha zilizopinda kuelekea mbele hazikuwa na ufa. Akauvuta taratibu, akairudisha kamba taratibu, maana kamba isiyo na mshale haiachiwi. Nguvu yote huurudia upinde na kuupasua.

Jambo moja tu halikumkaa sawa. Upinde uliokaa miaka mingi na kamba yake hulegea. Huu ulikuwa umekaza kama umetengenezwa jana.

"Kabla hatujauziana," Altaf Bhai alisema kwa sauti ya chini, "nikutajie aibu yake, kasoro iliyomo. Muuzaji ni lazima aitaje."

"Nimeukagua mwenyewe, Altaf Bhai, usinitie wasiwasi. Niuzie na aibu zake."

Altaf Bhai akampa mkono. "Nimekuuzia na aibu zake."

"Nimekubali."

Mardhiya aliishi na dada yake, Wahida, mwenye mimba ya miezi saba baada ya mbili kuharibika. Shemeji yake alikuwa kazini Saadani. Mardhiya alipofika nyumbani aliivua kamba, akaikunja, akauweka upinde juu ya kabati. Adhana ya magharibi ilipokwisha, nyumba ikajaa harufu ya ngozi mbichi iliyolowa, kisha ukasikika mlio mwembamba wa kamba inayovutwa.

Alisubiri iachiwe. Haikuachiwa.

"Mardhiya we," Wahida alinong'ona kutoka chumbani kwake. "Nani ananivuta tumbo?"

Mardhiya akatoka mbio, na pale ukumbini akauona upinde umesimama wenyewe hewani, kamba yake imefungwa barabara na kuvutwa mpaka mwisho, hauna mshale, umeelekezwa mlango wa Wahida, na kila kamba ilipolia sauti ya Wahida nayo ililia nyuma ya mlango, naye Mardhiya, asiyejua dua gani isomwe wala nani aitwe, alijua jambo moja tu, kwamba kamba ile isiachiwe, basi akaidaka kwa vidole vitatu na kuhisi chini yake vidole vingine, virefu, vya moto, vyenye manyoya.

"Usitoke, dada."

"Kuna nini?"

"Usitoke tu."

Akairudisha unywele kwa unywele, damu ikimtiririka hadi kiwikoni. Adhana ya isha ilipoanza, kamba ikatulia. Wahida akanyamaza, kisha akasema mtoto anacheza.

Asubuhi Mardhiya aliurudisha upinde kwa Altaf Bhai. Muuzaji aliviona vidole vya Mardhiya vilivyochanika, akainamisha kichwa.

"Ulinikatiza," alisema.

"Sasa nisikilize mimi," Mardhiya akasema. "Nauchoma."

"Usithubutu! Kila magharibi lazima mwenye upinde aipokee kamba, airudishe. Baba aliirudisha mpaka akafa. Mimi nikajiona mjanja, nikaikata kwa kisu. Mke wangu Mehzabin alikuwa mjamzito." Akausukuma upinde mbali naye. "Yule anayeivuta humlenga aliye ndani ya nyumba ya mwenye upinde."

"Na mwenye upinde akiishi peke yake?"

Altaf Bhai alitikisa kichwa. "Hapo sijui, binti. Sisi tulikuwa wengi."

Mardhiya aliuchukua tena upinde, maana alikubali kuuziwa na aibu zake, na hakupita nyumbani. Alimpigia Wahida simu.

"Nimeitwa mazoezini, dada. Usinisubiri."

"Na vidole vile? Una wazimu wewe! Utarudi lini?"

"Ukishajifungua."

Stendi alipanda basi la Msata, upinde mapajani, na kulipa nauli ya watu wawili.

Konda aliangalia huku na huku. "Mwenzio yuko wapi, sista?"

Mardhiya akasogea dirishani, akampisha yule wa vidole vya moto akae.