Kiganja Kwenye Skana

Rafiki yangu fundi kompyuta si mtu wa porojo, lakini siku hizi printa ikinguruma tu, anasimama.

Mama mmoja alimwita aunganishe kompyuta yake ya Windows na Mac ya bintiye, zitumie folda moja na printa moja yenye skana, iliyokuwa stoo, chumba kisicho na dirisha. Alipomaliza, wote watatu wakiwa sebuleni, skana ikaanza kunguruma kule gizani. Kwenye folda likatokea faili jipya: picha ya kiganja.

“Nani yuko stoo?” aliuliza fundi.

“Nyumba nzima ni sisi hawa, mwanangu,” mama akajibu.

Fundi akaenda stoo, akamulika kwa simu, akafunua kifuniko cha skana. Kioo kilikuwa na alama za vidole vitano. Akazifuta kwa shati, akafuta tena. Hazikutoka. Zilikuwa upande wa ndani.