Pipa la Fundi Fabiani

Rafiki yangu Shaabani, mvuvi wa Kiongoroni, kule delta ya Rufiji, hana kipaji cha kutunga uongo. Ndiyo maana haya aliyonisimulia yananinyima raha.

Injini kuukuu ya boti yake ilikuwa ikiishiwa nguvu kila maji yalipoanza kupwa. Mkewe, Hafsa, alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue, na kutoka kwao hufiki hospitali bila boti. Basi akaipeleka injini Bungu, bara mbali na bahari, kwa fundi Fabiani.

"Injini itajuaje maji kupwa na kujaa?" Fabiani alicheka. Akaifunga kwenye pipa la maji ya kisima, akavuta kamba. Ikanguruma vizuri asubuhi nzima, ndani ya karakana ya mabati isiyo na dirisha.

Hafsa akampigia mumewe simu. "Baba Warda, mmefikia wapi? Huku maji ndiyo yanaanza kupwa."

Papo hapo mngurumo ukashuka. Injini ikawa inajikokota kama imebebeshwa shehena. Fabiani akaizima, akafungua plagi na chujio la mafuta: safi. Akainamia pipa kutazama propela, na katika kimya kile wakasikia kitu kikifyonza maji, taratibu, kama tope la mikokoni.

Akamulika tochi. Maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Sakafu ilikuwa kavu.

Fabiani akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Bwana Shaabani, haya nimeyateka mwenyewe kisimani."

Shaabani naye akaonja. Ilikuwa chumvi ya kwao.