Kikombe cha Udongo Kabla ya Kipimo

Wifi yangu Eustaquia ni mtu wa kuuliza. Ukimpa blanketi, atataka kujua sufu imetoka kwa alpaka gani wa zizini. Lakini tumbo lake lilipoanza kuwaka moto, hakumuuliza mtu. Alikoroga udongo mweupe, ule tunaochovyea viazi, akanywa kikombe. Moto ukapoa, kesho yake ukarudi. Mwaka mzima ulikwenda hivyo, nami nikimtania kwamba atamaliza kilima cha udongo.

Kufika Agosti, utani uliniisha. Eustaquia alikonda mpaka sketi zake zikawa zinafungwa kwa kamba. Akila viazi viwili tu, ameshiba. Mama yake alianza hivyo hivyo, akafa, na hadi leo hatujui aliumwa nini.

"Mimi sitaki kuzikwa na swali," akaniambia.

Basi tukaenda kwa jirani yetu Nilda, muuguzi wa zahanati. Nilda akasema hospitali ya mjini Juliaca watamtazama tumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Unapitishwa mdomoni, na daktari anaona kila kitu kwenye skrini. Mimi nilitazama pembeni. Eustaquia alisogeza kiti karibu.

"Sasa nitapumuaje, mpira ukiwa kooni?"

"Mpira unapita njia ya chakula, dada. Njia ya hewa ni nyingine, inabaki wazi. Pumua polepole tu."

Akauliza kama watamkata. Nilda akamweleza kwamba huenda wakachukua vipande vidogo kama punje ya kinoa, vikapimwe, na hatahisi maumivu. Akamwagiza ataje dawa zote anazotumia, hasa za kisukari na za kufanya damu iwe nyepesi, lakini asiache hata moja bila kuambiwa. Meno ya bandia yatolewe. Asile kwa muda wa saa nane kabla ya kipimo, na kuhusu maji afuate karatasi ya hospitali.

Siku ikafika. Eustaquia akaingia chumbani, mimi nikabaki kwenye benchi. Hata sijakaa vizuri, daktari akatoka, uso umemkunjamana. Ukuta wa tumbo ulikuwa mweupe wote, hakuona kitu. Akauliza mgonjwa alikula nini.

"Sijala," Eustaquia akasema, akitokea nyuma yake. Na kweli hakuwa anadanganya. "Nilikunywa udongo kidogo alfajiri. Nilitaka ulikute tumbo limetulia."

Daktari hakucheka. Akampa tarehe nyingine, siku tisa mbele.

Tukarudi. Nyumbani Eustaquia akasema harudi tena hospitali, ameshajiaibisha vya kutosha. Niliogopa, nakiri. Nikamwita Nilda.

"Dada, umepaka ukuta chokaa kabla fundi hajauona ufa," Nilda akamwambia. "Lakini kosa ni langu pia. Nilisema usile. Nilipaswa kusema usimeze kitu: udongo, majani ya koka, chai ya mitishamba, hata maziwa. Udongo unapoza moto. Hautibu kidonda."

Eustaquia akauliza, "Hiyo skrini, na mimi naweza kuitazama?"

Nilda akamjibu kwamba anaweza, akichagua ganzi ya koo peke yake. Akichomwa sindano ya usingizi, hataona mengi. Tena atahitaji mtu wa kumrudisha nyumbani, na asiendeshe gari wala pikipiki mpaka kesho yake.

Akachagua kutazama. Tarehe ilipofika, alilala ubavu wa kushoto, akang'ata kipete cha plastiki cha kupitishia mpira, koo limekufa ganzi. Alitaka kutapika, machozi yakamtoka, akateuka hewa bila haya. Yote hayo hayakuzidi dakika kumi. Baadaye nikamzuia kunywa maji mpaka koo lirudiwe na hisia, asije akapaliwa. Wakatuonya pia: akitapika damu, akipata choo cheusi, homa, maumivu makali au shida ya kupumua, turudi mara moja.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Haikuwa saratani. Ni kidonda, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ndio waliokileta. Akapewa vidonge vya siku kumi na nne, amalize vyote hata akijisikia nafuu, kisha arudi apimwe kama wadudu wamekwisha. Alirudi. Wamekwisha. Siku hizi anakula viazi na supu, na kamba ya sketi ameitupa.

Daktari alimpa picha ya kidonda chake, naye akaizungusha kijiji kizima bila aibu. Aliwaambia watu kwamba wanaokaa nyumba moja huweza kuambukizana wadudu hao, kwa hiyo mwenye tumbo linalomsumbua asikae kimya. Wanawake wanne wakaenda kwa Nilda kuandikisha majina.

Wa kwanza nilikuwa mimi. Mwaka mzima nilimcheka wifi yangu, na mwaka mzima nilikuwa nakunywa kikombe changu cha udongo huo huo jikoni, mlango nimeufunga.