Sakina na Dakika ya Kimya

Asubuhi za Sakina zilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mlango, mama yake alipoufunga akienda kazini. Mama alikuwa mtunzaji katika makao ya wazee kule Uccle, upande wa kusini wa jiji la Brussels, na wazee, kama alivyopenda kusema, huamka kabla ya majogoo. Sauti ya pili ilikuwa ya Jémima, kutoka barabarani: "Saki! Shuka, tutachelewa!" Kati ya sauti hizo mbili, Sakina alikunywa chai jikoni peke yake. Hakukipenda kipindi hicho. Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini mtu mmoja ndani yake alipwaya.

Sakina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako hakuna anayekunywa chai peke yake hata akitaka. Baba na bibi walikuwa wamebaki huko. Kwa hiyo Jémima, ambaye wazazi wake walitoka Lubumbashi, hakuwa rafiki tu. Kwa Sakina, Jémima alikuwa mtaa mzima.

Jumatano moja ya mwezi wa Januari, watu wenye bunduki waliingia katika ofisi ya gazeti moja la katuni jijini Paris, wakawaua wachoraji na watu wengine. Gazeti hilo lilikuwa la dhihaka. Liliwacheka marais, mapadri na mashehe, halikumbakiza mtu. Wauaji walisema wanalipiza kisasi kwa ajili ya Mtume. Jioni ile televisheni ilionyesha watu wa miji mingi duniani, Brussels ikiwemo, wamesimama viwanjani na mishumaa, wengine wameinua kalamu, wengine karatasi zilizoandikwa "Je suis Charlie", yaani mimi ni Charlie. Charlie lilikuwa jina la gazeti.

Mama alitazama habari hizo bila kuvua koti.

"Kwani walichora nini, Mama?" Sakina aliuliza.

"Walichora mambo ambayo mengine hata mimi yangeniudhi," alijibu Mama. "Lakini mtu akikuudhi kwa kalamu, unamjibu kwa kalamu, au unalifunga gazeti lake unakwenda zako. Humuui. Hao hawakumtetea Mtume, wamemchafua." Akazima televisheni. "Kesho ukiulizwa shuleni, sema hivyo hivyo."

Shida ni kwamba kesho yake Sakina hakuulizwa.

Saa sita mchana shule nzima ilikusanyika katika ukumbi wa michezo. Mwalimu wao, Madame Wauters, alikuwa amewaeleza kwamba watakaa kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliouawa, na kwamba mkurugenzi angeyasoma majina yao polepole.

Sasa, kule Buyenzi habari ya kifo haipokelewi kwa mdomo mtupu. Bibi yake Sakina, hata akisikia redioni msiba wa mtu asiyemjua, alikisimamisha kisu juu ya kitunguu, akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, ndipo akaendelea kukata. Kunyamaza tu, kwa Bibi, kulikuwa ni kumpita marehemu kama gogo la njiani. Sakina alijua vizuri kwamba Madame amesema kimya. Lakini jina la kwanza liliposomwa, viganja vyake vilifunguka vyenyewe na midomo ikasema. Jina la pili, vivyo hivyo. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, lakini katika ukumbi wa watoto walionyamaza husikika hata mtu anayemeza mate.

Ghislain, mvulana mrefu wa darasa lao, aligeuka. Tumwelewe Ghislain kidogo: dada yake alikuwa akisoma Paris, na siku iliyotangulia simu yake haikupokelewa hadi jioni. Hofu ilikuwa bado haijamtoka.

"Anaomba Kiarabu!" alisema kwa nguvu. "Anawaombea wauaji!"

"Sakina, kimya!" alisema Madame Wauters, uso umemwiva. Hakusema zaidi ya hapo. Hakuuliza pia.

Sakina alimtazama Jémima, waliyesimama naye bega kwa bega. Jémima aliyajua maneno yale. Nkambo yake, yaani bibi yake, alipofariki Lubumbashi na matanga yakawekwa hapa hapa Brussels, Mama Sakina alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama mlangoni, akafungua viganja, akayasema maneno hayo hayo, kisha akajifunga kitenge akaosha vyombo mpaka wageni wakaondoka. Jémima mwenyewe ndiye aliyeuliza maana yake, akaelezwa.

Sasa Jémima alikuwa anavitazama viatu vyake.

Uvumi wa shuleni huumuka haraka kuliko unga wa maandazi. Wakati wa chakula ilisemekana Sakina aliomba. Alasiri ikawa alipiga makofi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, mjomba wake alikuwa ameonekana kwenye televisheni akikamatwa, na Sakina hakuwa na mjomba Ulaya nzima. Kantini, viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu. Jémima alikula meza ya mbali, amempa mgongo. Mgongo ule ulimuuma Sakina kuliko uvumi wote.

Ijumaa asubuhi hakuna aliyemwita kutoka barabarani. Sakina alisubiri dirishani mpaka chai ikapoa. Aliiona kofia nyekundu ya Jémima ikipita chini, ikiharakisha, wala haikuinuka.

Siku hiyo darasa lilichora bango. Jumapili watu wa Brussels wangeandamana, na Madame Wauters alikuwa ameomba wazazi na watoto waende pamoja. Kwenye kitambaa kirefu cheupe waliandika kwa rangi nyeusi, kwa Kifaransa, neno walilolichagua wote: HATUOGOPI.

"Sakina akilishika, mimi silishiki," alisema Ghislain.

"Hata mimi," alidakia mwingine, na mwingine tena.

Madame Wauters alimchukua Sakina hadi kwenye korido, akamwekea mkono begani. "Sakina, kwa ajili ya utulivu wa wote, labda Jumapili ubaki nyumbani na mama yako, upumzike."

Alisema kwa upole. Neno gumu likisemwa kwa upole huuma mara mbili, maana hata kulipigia kelele huwezi. "Ndiyo, Madame," alisema Sakina.

Jioni Mama alirudi na furaha tele. "Nimebadilishana zamu na mwenzangu! Jumapili natembea na darasa lenu."

"Madame amesema si lazima kila mtu aende," Sakina alijibu.

"Lazima au si lazima, mimi nataka."

Sakina aliingia bafuni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akalia. Alijisikia mpweke kuliko siku ya kwanza alipofika mji huu, kwani siku ile hakuwa na rafiki wa kupoteza.

Jumamosi walikwenda kununua chakula katika duka moja la Kiafrika karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, linalouza sombe, yaani kisamvu, mihogo na ndagala, wale dagaa wakavu. Hapo mlangoni, wakakutana uso kwa uso na Jémima na baba yake, Papa Hénock, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa.

"Maman Sakina! Jambo sana!" alisema Papa Hénock. "Bon, kesho ni pamoja, si vile? Batoto babebe bango, siye bakubwa tufwate nyuma."

"Tutakuja, tukijaliwa," alisema Mama.

Sakina aliinamisha kichwa. Jémima alimtazama, akatazama mafungu ya sombe, kisha akaanza kulia pale pale mbele ya wateja.

"Papa, Sakina hatakuja. Madame amemukataza, darasa yote inajua."

"Ju ya nini?"

"Ju Alhamisi, wakati ya kimya, alisema yale maneno ya matanga. Yale Maman Sakina alisema wakati ya nkambo. Bantu banasema aliombea bauaji. Na mi nilijua, Papa. Nilijua na sikusema kitu."

Papa Hénock akakirudisha kifuko cha samaki alichokuwa amekishika. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ju ya nini haukusema?"

"Niliogopa. Bangeniacha na mi vile vile."

Mama alimgeukia Sakina. "Tangu Alhamisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jana ukaniambia si lazima."

"Sikutaka uumie."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Mama. "Ulifikiri sikulisikia lile bomba? Nilisubiri uniambie mwenyewe. Mimi ni mama yako, Sakina, si jirani wa ghorofa ya chini." Akamvuta kifuani, na Sakina akalia tena, safari hii bila kuficha, katikati ya magunia ya unga wa muhogo.

Mama alimwomba Papa Hénock ampigie mwalimu simu, kwa kuwa yeye Kifaransa kilimpa taabu akikasirika. Papa Hénock alikataa.

"Pole, maman. Si mi nilinyamaza," alisema. Akamwinamia binti yake. "Kinywa yenye ilinyamaza, ni yenyewe itasema. Kesho, mbele ya bantu bote."

Jumapili baridi ilikuwa kali na manyunyu yalianguka. Darasa lilikutana kwenye makutano ya Porte de Namur ili kushuka pamoja hadi katikati ya mji. Watu walipita makundi kwa makundi, wazee, vijana, watoto mabegani mwa baba zao. Sakina aliliona bango limekunjuliwa, akataka kurudi. Mama aliushika mkono wake, hakuuachia.

Madame Wauters alipowaona alibabaika. "Bonjour, Madame," alianza.

Jémima hakungoja. Aliacha pembe ya bango aliyokuwa ameishika, akasimama mbele ya mwalimu.

"Madame, tumeandika hatuogopi. Si kweli. Mimi niliogopa. Sakina hakuwaombea wauaji. Nilikuwa najua alichokisema, nikanyamaza ili na mimi nisitengwe."

Madame Wauters alimgeukia Sakina, akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa Alhamisi.

"Sakina, ulisema nini siku ile?"

"Nilisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea," alijibu Sakina. "Kwetu, ukisikia mtu amekufa, unasema hivyo. Ukinyamaza ni kama hukujali. Nilisema kwa kila jina."

Ghislain alikunja uso. "Hata kwa wale waliochora kuicheka dini yako?"

"Walikuwa wamekufa," alisema Sakina. "Mtu akifa hatuulizi kwanza alimcheka nani."

Masikio ya Ghislain yalikuwa mekundu, na si kwa baridi peke yake.

Madame Wauters alivua glavu zake taratibu, akaushika mkono wa Sakina.

"Watoto, sikilizeni," alisema. "Alhamisi niliwaambia kwamba watu wameuawa kwa sababu ya walichokisema. Halafu mtoto wa darasa langu akasema maneno machache ya huruma, na mimi, mwalimu, nikamnyamazisha bila hata kumuuliza amesema nini. Kisha nikamtenga ili ninyi mtulie. Nilikosea. Nisamehe, Sakina. Nisamehe na wewe, Madame."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alitafuta Kifaransa chake chote akakipanga vizuri. "Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, Madame. Ujinga ni kuhukumu kabla ya kuuliza."

"Basi hilo ndilo somo letu la leo," alisema Madame Wauters, akiwageukia wanafunzi. "Usichokielewa, kiulize. Na ukijua ukweli ambao mwenzako anauhitaji, useme, hata kama unaogopa. Jémima amechelewa, lakini amesema. Wengi wetu hatufiki hata hapo."

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Mzazi mmoja alimvuta mwanawe akampeleka upande wa pili wa bango. Wengine walijifanya wanatazama pikipiki za polisi. Lakini Ghislain alisogeza mikono yake kwenye kitambaa, pakapatikana nafasi.

"Shika hapa," alisema bila kumtazama. "Upepo ni mkali, peke yangu siwezi."

Sakina akashika. Msafara ukaanza kuteremka, Mama na Papa Hénock wakifuata nyuma, Papa Hénock akisalimiana na nusu ya mji. Jémima alitembea kando ya bango, mikono mfukoni, maana pembe yake ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Walikwenda hivyo mwendo mrefu.

"Saki," alisema mwishowe. "Umenisamehe?"

Sakina alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, kwani ndilo jibu rahisi, na watu wengi walikuwa wakiwasikiliza. Lakini wiki hiyo uwongo ulikuwa umekwisha kuwasumbua vya kutosha.

"Bado," alisema.

Jémima aliinamisha kichwa. "Bon," alinong'ona, akapunguza mwendo ili abaki nyuma.

Sakina alitoa mkono mmoja kwenye kitambaa, akaishika ile kofia nyekundu, akaivuta.

"Nimesema bado," alisema. "Sikusema uende."