Aliyerudi Kuuliza

Ilianza na harufu ya nywele zinazoungua, ndani ya chumba cha kufulia ambamo hamkuwa na moto wowote.

Mwanamke aliyeandaa mpango wa dharura wa hospitali, ambaye wenzake walimbatiza Mama Majanga, aliinusa akapita. Kazi yake ilikuwa kuzunguka idara zote na swali moja: huduma yenu ikisimama, mtavumilia muda gani kabla ya madhara? Kwa jibu hilo alipanga muda wa kuirejesha. Wa kufulia walisema siku nzima. Mashine zao zikafa, zikakaa siku nzima, zikafufuka zenyewe. Wa dawa walisema hadi jioni. Jokofu lao likanyamaza asubuhi, likaanza kunguruma jua linazama. Na huko nako, harufu ileile.

Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na macho yakamwangukia fundi wa umeme. Huyo ndiye mwenye funguo zote, na kila alikohoji watu hakukosa kumwona karibu na mlango, bisibisi mkononi, masikio yamemsimama. Mwishowe akamfuata chumba cha jenereta, akamwambia waziwazi kwamba anamshuku.

Fundi hakukasirika. Alifunga mlango kwanza.

"Dada, mimi nilikuwa nakushuku wewe," alinong'ona. "Ukishauliza ukaondoka, unarudi. Nakusikia unauliza tena. Nikichungulia, mtu anakijibu kiti kitupu."

Mama Majanga alitaka kumcheka, lakini akakumbuka kwamba hakuwahi kurudi popote. Mara, kupitia ukuta unaopakana na wodi ya watoto njiti, akaisikia sauti yake mwenyewe, na mkwaruzo wake wa mafua, ikiuliza kwa upole umeme ukikatika hawa wachanga watavumilia muda gani. Akatoka mbio, fundi nyuma yake, akipamia vitoroli vya dawa, harufu ikimkaba koo, hadi alipousukuma mlango na kumkuta muuguzi kasimama katikati ya mashine za kuwapa watoto joto, akimtazama yeye, kisha kiti cha pembeni, kisha yeye tena.

"Umemjibu?"

"Nilimwambia... nilikuambia hawavumilii hata kufumba na kufumbua."

Taa zikapepesa mara moja, zikatulia. Watoto wakaendelea kulala. Fundi akaegemea ukuta akimshukuru Mungu, na hapohapo wakakubaliana kila idara ijibu vivyo hivyo, asiyetaka ashauriwe, anayebisha abembelezwe. Mkurugenzi alinung'unika kwamba huo ni mpango gani usiokubali huduma kusimama hata kidogo, lakini harufu ilikatika, na hakuna kilichozimika tena siku hiyo.

Mama Majanga alirudi nyumbani mapema, mwili mwepesi. Mumewe alikuwa sebuleni akipiga pasi, anatabasamu peke yake. Akamwambia lile swali lake la kwenye simu lilimchekesha mchana kutwa. Swali gani?

"Si umeniuliza, tukikukosa hapa nyumbani, mimi na watoto tutavumilia muda gani? Nikakuambia nenda zako, hata mwaka hatushtuki."

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Mume akainua pasi haraka, akidhani ameunguza shati. Mkewe akafungua kinywa amwambie alifute neno lake, na sauti haikutoka.

Ilitoka jikoni, tulivu, na mkwaruzo wake wa mafua.

"Mwaka unanitosha, baba watoto."